Gereji Malindi imening'olea geji ya mafuta iliyo nzima, imenitilia isiyo yangu, na ubovu ulikuwa kwenye tangi

Nina hasira na siifichi.

Nabeba samaki kutoka Ngomeni kuleta Malindi kwa pikapu ya dizeli, ya zamani lakini injini yake haijanisumbua. Mwezi uliopita mshale wa mafuta uliganda nusu. Tangi lijae, nusu. Tangi libaki matone, nusu vile vile. Ila ukizima swichi unashuka mpaka chini kabisa, ukiwasha unapanda tena na kukaa pale pale nusu. Shikeni hilo la kushuka na kupanda, maana ndilo linalonichoma roho.

Nikaipeleka gereji moja mjini. Fundi akaingiza kichwa, akagonga kioo cha dashibodi kwa ukucha mara mbili. "Bosi, geji imekufa hii. Tutie nyingine." Hakulala chini ya gari. Hakushika mita ya kupimia umeme. Geji kuukuu shilingi 4,500, ufundi 1,500. Jioni nawasha gari: nusu. Kesho yake narudi, ananiambia basi ni nyaya, anavuta waya mpya, 2,000 nyingine. "Sasa iko sawa, bosi." Na siku hiyo tangi kweli lilikuwa nusu, nikaamini.

Siku ya tatu natoka Ngomeni na masanduku sita ya changu na kolekole, mshale nusu. Nimeshapita Gongoni, Mambrui sijafika, gari likakohoa likazima. Saa sita mchana, jua la utosi. Na dizeli si petroli, umimine chupa uwashe uende. Ikiisha, hewa inaingia kwenye mipira, lazima ulegeze nati ya filta upampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Chupa niliuziwa na kijana wa bodaboda kwa bei aliyotaka yeye. Nimepampu mpaka kiganja kikachubuka, huku maji ya barafu yanachuruzika kutoka nyuma ya gari hadi kwenye lami. Nilipofika sokoni, mama ninayemuuzia kila siku alifunua shavu la kolekole mmoja, akatazama, akafunika. Hakusema kitu. Masanduku mawili nimetupa.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Nikamweleza mshale unavyofanya. "Mwanangu, unaoshuka na kupanda haujafa." Akalala chini, akachomoa waya wa flota pale kwenye tangi: mshale ukaenda mwisho mmoja. Akaugusisha waya kwenye bodi ya gari: ukaenda mwisho wa pili. Dakika tano hazikutimia! Geji inasoma, nyaya zinapitisha, kilichobaki ni flota peke yake. Na flota si kitu cha ajabu, ni boya dogo linaloelea juu ya mafuta, mkono wake unateleza juu ya kipande cha ukinzani, yaani kinachoubana umeme, na umeme unaopita hapo ndio unaoupeleka mshale. Alipoitoa, ule mkono ulikuwa umeshikwa na kutu katikati, hauendi juu wala chini mpaka uukamate kwa koleo. Gari linapita kando ya mashamba ya chumvi kila siku ya Mungu, fundi wa Malindi anakosaje kufikiria kutu? Flota na kazi yake, 1,800.

Haijaisha. Nimejaza tangi mpaka mdomoni, mshale umesimama robo tatu. Mzee akafungua dashibodi akanionyesha: geji niliyotiwa ni ya gari la aina nyingine, ukinzani wake hauendani na flota yangu. Itasema uongo siku zote. Inayotakiwa pale ni ileile niliyong'olewa, ikiwa nzima, na ikabaki gereji.

Nimewapigia. "Ile tulitupa, bosi, ilikuwa imekufa." Haikufa! Nimewalipa 8,000 na kitu changu kizima wamebaki nacho, nami sina hata risiti ya mkono. Sikuwahi kufikiria kudai kifaa cha zamani kabla ya kuondoka, na wao hawakunipa.

Kesho asubuhi naenda mwenyewe. Nadai hela za geji na za nyaya, na nadai geji yangu. Kioo chake kina ufa mdogo chini ya herufi F. Kama kuna mwenye pikapu hapa Malindi, Watamu au Kilifi ametiwa geji kuukuu yenye ufa huo mwezi huu, tafadhali aandike hapa ametiwa wapi.