Mrejesho: Kurudia gitaa ukubwani
Nilipouliza kama mtu aliyevuka miaka 50 anaweza kurudia gitaa huku vidole vikimuuma na kiangazi cha Dodoma kikikausha mbao, wengi mlinishauri niachane na nyuzi nene za chuma. Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati: nimefunga nyembamba, nikazilegeza kwa nusu toni (sauti ikashuka kidogo chini ya kawaida), na maumivu yamepungua kiasi kwamba sasa napiga rithimu kila jioni. Kuhusu ukavu, ambao hasa ndio ulionitia hofu kwa kuwa mbao husinyaa hewa inapokosa unyevu, gitaa hulala ndani ya kasha lenye sponji iliyolowanishwa na kukamuliwa vizuri, mbali na dirisha. Solo bado ni ngumu. Mwenye mazoezi ya kuimarisha kidole cha mwisho anielekeze.