Mjadala: Bado kuna haja ya memcpy tofauti kwa kila prosesa?

Bafa64
Wakuu, mada ni hii. glibc, maktaba ya C ya Linux, kwenye x86-64 (prosesa za Intel na AMD) imebeba rundo la memcpy, kazi ya kunakili baiti kutoka bafa moja hadi nyingine: ya SSE2, ya AVX, ya AVX-512 (amri za rejista pana), na nyingine zenye rep movsb, amri moja ya prosesa ya kunakili, ndani. Programu ikipakiwa, IFUNC (njia ya kuchagua toleo la kazi) inauliza kwa amri ya CPUID prosesa ina nini, halafu inachagua moja. Wakati huohuo Intel tangu Ivy Bridge (2012) wanatuambia rep movsb ina kasi, na Arm nao kwenye Armv8.8 wameleta CPYP, CPYM na CPYE za kunakili, pamoja na SETP na wenzake za kujaza kumbukumbu thamani moja, yaani kazi ya memset. Kwa nini tusifyeke msitu wote huo tukabaki na amri moja, vifaa vijitafutie njia? Mimi nasema tufyeke. Na asije mtu kunililia kwamba kuna programu zitavunjika. Zinazovunjika zilikuwa mbovu tangu mwanzo, kama zile zilizopishanisha bafa (chanzo na kinakopelekwa vikiingiliana) kwenye memcpy zikaumbuka mwaka 2010.

Mzunguko
Ivy Bridge ilileta ERMS, rep movsb iliyoongezewa kasi, na hiyo inasaidia nakala ndefu tu. Kwa nakala fupi ahadi ilikuja na FSRM kwenye Ice Lake (2019), AMD wakaiweka Zen 3. Usizichanganye, kila moja ina biti yake kwenye CPUID. Kwenye mashine isiyo na FSRM, mikrokodi (programu ndogo ndani ya prosesa inayoendesha rep) inakula makumi ya mizunguko ya saa kabla kazi haijaanza, na miito mingi ya memcpy ni ya baiti chache.

Chukua baiti 13. Huhitaji kitanzi wala rep. Soma baiti 8 za mwanzo, soma 8 za mwisho, kisha andika zote mbili. Katikati zinapishana baiti 3, haidhuru, thamani ni ileile. Njia hiyohiyo inabeba kila urefu kuanzia 8 hadi 16 bila tawi la ziada. Kwa 17 hadi 32 fanya hivyohivyo kwa rejista za XMM, za baiti 16. Sharti ni kusoma zote kabla hujaandika chochote, na ukilishika hilo umepata memmove (nakala iliyo salama hata bafa zikipishana) bure.

Kitanzi
Bafa64, "zilikuwa mbovu tangu mwanzo" ni maneno ya mtu asiyepokea simu za watumiaji. Mwaka 2010 glibc ilianza kunakili kutoka mwisho kwenda mwanzo kwenye baadhi ya prosesa zenye SSSE3. Sauti ya Flash, kichezaji cha video za wavuti, kwenye Fedora 14 (mfumo wa Linux) ikawa mikwaruzo mitupu. Flash haikuguswa, kompyuta haikuguswa, kilichobadilika ni maktaba. Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, aliingia kwenye ripoti ile ya hitilafu akiwatetea watumiaji. Anayesikia mikwaruzo kwenye spika ana habari gani na kiwango cha C?

Bafa64
Kiwango kimesema waziwazi: maeneo yakipishana kwenye memcpy, tabia haijafafanuliwa. memmove ipo kwa kazi hiyohiyo. Yaani maktaba nzima ibaki nyuma kwa sababu ya mtu aliyeona uvivu kuandika herufi moja zaidi?

Kitanzi
Herufi moja zaidi kwenye programu ambayo msimbo wake umefungwa na mwenyewe hautoi. Utaiandika kwa kalamu gani?

Sifuri_Baiti
Mnagombana utadhani lile jambo halikumalizwa. glibc 2.14 iliipa memcpy alama mpya ya toleo. Programu zilizounganishwa zamani zinaitisha memcpy@GLIBC_2.2.5, nayo ina tabia ya memmove. Mpya zinapata memcpy@GLIBC_2.14. Angalia programu yako inaitisha ipi:

objdump -T ./programu | grep memcpy

Gharama yake wengi wanaijua bila kujua chanzo. Ukijenga programu kwenye mfumo mpya ukaipeleka kwenye wa zamani, inagoma kuwaka ikidai GLIBC_2.14 haipo, na mara nyingi anayedai ni memcpy peke yake.

Mzunguko
Na hakuna aliyenakili kinyumenyume kwa kupenda. Intel nyingi hulinganisha kwanza biti 12 za chini za anwani. Ukiandika mahali fulani, kisha ukasoma mahali pengine ambapo biti hizo 12 zinafanana, prosesa inadhani unasoma ulichoandika sasa hivi, inasubiri. Kama sehemu ya ndani ya ukurasa (kipande cha kumbukumbu cha baiti 4096) ya kinakopelekwa data iko mbele kidogo ya ile ya kinakotoka, kila mzunguko wa kitanzi unagonga hapo. Ukianzia mwisho, unakwepa. Ni hitilafu ya kasi ya prosesa, ikatibiwa kwa programu. Ndiyo maana msitu upo.

Kitanzi
Msitu upo pia kwa sababu ya vipimo vya uongo. Mtu anaita memcpy ya baiti 64 mara milioni, bafa ileile, tayari iko L1, kache iliyo karibu kabisa na prosesa. Kitabiri cha matawi kimeshakariri urefu. Anashangilia. Kwenye programu halisi urefu unarukaruka, na kilobaiti kadhaa za vitanzi vilivyokunjuliwa zinausukuma msimbo wa programu nje ya kache ya amri. Hasara inaonekana kwenye kazi nyingine kabisa, memcpy inabaki na sifa zake.

Sifuri_Baiti
Bafa64 aliitupia memset mstari mmoja akapita, na huko ndiko watu wanaumia. Kwenye Arm, amri ya DC ZVA inafuta (inajaza sifuri) kipande kizima cha kache bila kukisoma kwanza. Tatizo ni watu wanaandika ukubwa wa kipande, 64, kwa mkono. Soma rejista ya DCZID_EL0: biti ya 4 ikiwa 1, amri imekatazwa, rudi kwenye STP, amri za kawaida za kuandika. Biti 0 hadi 3 ni kipeo cha 2 kwa maneno ya baiti 4, kwa hiyo thamani 4 ndiyo baiti 64. Na usiipeleke kwenye kumbukumbu iliyopangwa kama ya kifaa, utapata hitilafu ya mpangilio (alignment fault) papo hapo hata anwani ikiwa safi.

Prosesa za PowerPC zilishapitia haya. Laini ya kache ya modeli ya G4 ni baiti 32, ya modeli ya 970 ni 128. Programu iliyokariri 32, dcbz (amri yao ya kufuta laini) ikifuta 128, inafuta na baiti 96 za jirani. Ikabidi 970 iwekewe hali ya kujifanya 32.

Kitanzi
Asante. Yaani vifaa vilijifanya vya zamani ili programu "mbovu" ziishi. Bafa64 unasemaje?

Bafa64
Nasema hiyo inanipa nguvu mimi. Wangetumia amri isiyojali ukubwa wa laini, yasingetokea.

Kerneli_Tu
Kwenye kerneli ya Linux mjadala huu umeshaamuliwa nusu. Ukitaka rejista za vekta lazima uite kernel_fpu_begin na kernel_fpu_end, na hali ya mtumiaji ihifadhiwe. Kwa kufuta ukurasa wa baiti 4096, rep stosb (ndugu wa rep movsb, wa kujaza) kwenye mashine yenye ERMS inatosha, na kerneli inajibandika njia hiyo inapowaka.

Anayeandika memcpy yake kwa C, tahadhari: GCC, kikusanyaji cha C, inaweza kutambua kitanzi chako ni memcpy, ikakibadilisha kuwa mwito wa memcpy, na sasa memcpy yako inajiita yenyewe bila kikomo. Chaguo la -ffreestanding (la msimbo usio na maktaba ya C) halizuii. Weka -fno-tree-loop-distribute-patterns kwenye faili hilo.

Mzunguko
Kwa nakala kubwa kuliko kache kuna jambo lingine. Uandishi wa kawaida unasoma laini ya kinakopelekwa kabla ya kuiandika, basi nakala inapita kwenye RAM mara 3 badala ya 2. Amri ya movntdq, inayoandika bila kupitia kache, inaondoa huo usomaji, ila malizia na sfence (amri ya kuhakikisha uandishi umekamilika kwa mpangilio). Ukiitumia kwa bafa ndogo inayosomwa mara moja baadaye, umeitupa nje kwenye RAM mwenyewe, msomaji anaisubiri. Mpaka wa ukubwa ambao glibc inaanza kutumia njia hii unaweza kuusogeza bila kujenga chochote upya:

GLIBC_TUNABLES=glibc.cpu.x86_non_temporal_threshold=4194304 ./programu

Ipo pia x86_rep_movsb_threshold, mpaka wa kuanza kutumia rep movsb. Bafa64, ishushe kwenye programu yako halisi, utuletee namba za perf stat (kipimo cha kasi cha Linux) badala ya matangazo ya Intel.

Bafa64
Nitaleta. Na ikishinda?

Mzunguko
Umeshinda kwenye prosesa hiyo. Kuna Zen 3 ambako rep movsb inaporomoka kutegemea anwani zimekaa wapi ndani ya ukurasa, huku CPUID ikijinadi kwamba FSRM ipo.

Kerneli_Tu
Mzunguko, hata hiyo "bure" yako ya kusoma 8 za mwanzo na 8 za mwisho ni ya x86. Kuna prosesa za RISC-V ambazo usomaji usiolingana na mpangilio (anwani isiyogawanyika kwa ukubwa wa data) unanaswa na kuigizwa na programu ya ngazi ya mashine. Baiti 13 zako zinageuka mamia ya mizunguko. Uliza kerneli kwa riscv_hwprobe kwanza.

Mzunguko
Nani alitaja RISC-V?

Kerneli_Tu
Mada inasema "kila prosesa".