Warsha za rangi za maji za kulala hukohuko: siku tano nzima, halafu kazi inakaushwa kwa draya!

Wakuu, uzi huu ni wa waandaaji wa warsha za "mbinu za majaribio". Mnaotaka kujiandikisha nanyi someni kabla hamjatoa hela.

Mtu analala warshani kwa faida moja kubwa: muda wa kukauka. Chumvi, nailoni, spiriti, rangi ya kumwaga, zote hizo zinafanya kazi yake karatasi ikiwa inakauka na brashi imeshawekwa chini. Unapaka jioni, unaacha usiku kucha, asubuhi unaangalia kimetokea nini. Sasa mtu anakuandikia ratiba ya mbinu 6 kwa siku, dakika 40 kila moja, na draya mbili za nywele juu ya meza. Kama ni hivyo, si mngefanya Jumamosi moja tu watu wakalale kwao?

Tuanze na chumvi maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ukiirusha karatasi ikiwa na dimbwi, inayeyuka yote na kuacha ukungu. Ukichelewa, inakaa juu kama mchanga na haifanyi lolote. Wakati wake ni pale mng'ao unapoanza kufifia: inamisha kichwa utazame karatasi kwa ubavu, maji yasionekane yakitembea lakini uso uwe bado unameta. Hapo dondosha chembe chache, mbalimbali. Chumvi ya mawe inatoa nyota kubwa, ya unga inatoa vidoadoa. Kisha ondoka mezani! Ukiwasha draya, upepo unasukuma rangi huku joto likikausha uso kabla chembe haijamaliza kazi, na nyota inageuka doa. Hewa ikiwa na unyevu, subiri hata saa kadhaa. Ikikauka kabisa, sugua chumvi yote itoke. Ikibaki inavuta unyevu wa hewa, na hili sijui kwa nini wakufunzi hawalisemi.

Nailoni ya kufunikia chakula ni hivyohivyo. Rangi iwe nzito na mbichi, tandaza nailoni, ifinye ipate mikunjo, iache. Kwa kuwa hewa haipiti, karatasi ya pamba inaweza kumaliza usiku mzima. Ukiibandua baada ya nusu saa, ile mistari mikali inalainika na rangi inarudi kuungana. Halafu mkufunzi anasema "kila mtu anapata matokeo yake". Matokeo gani, na kazi imekatizwa katikati?

Utomvu wa kuzibia (ule wa majimaji unaofunika sehemu ya karatasi isiingie rangi, kisha unavuliwa) ndio unanitoa povu. Unapakwa kwenye karatasi kavu, kwa brashi ya zamani iliyochovywa kwanza kwenye maji ya sabuni ili nywele zisigandamane. Ukaukie hewani. Ukipigwa joto unashikana na nyuzi za karatasi, na siku ya kuuvua unatoka na ngozi ya karatasi. Usiuache siku nyingi pia: uliopakwa siku ya kwanza usingoje siku ya tano.

Karatasi zenyewe sasa. Mnagawa za rojo la mbao, gramu 200 kwa mita ya mraba, kwa mbinu zinazomwaga maji nusu kikombe! Inavimba, inafanya mabonde, maji yanakusanyika humo kisha yanarudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka na kuacha madoa yenye kingo kama koliflawa. Mwanafunzi anadhani mkono wake mbovu. Kwa kazi hii anzeni na pamba asilimia 100, gramu 300, na hata hiyo ivutwe: loweka dakika 5 hadi 10, ilaze kwenye ubao, bandika pande zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowanisha, uache ubao umelala mpaka asubuhi. Kazi ya jioni ya kwanza, kabla hata ya utambulisho. Msiotaka kuvuta, nunueni gramu 640.

Rangi nazo, pakiti haina hata namba za rangi. Utafundishaje rangi inayoacha chembechembe bila kujua nani ana PB29 (buluu ya ultramarini) na nani ana PB15 (buluu ya phthalo)? Ya kwanza inatua kwenye vishimo vya karatasi, ya pili inapaka sawasawa na kung'ang'ania, ukitaka kuinyanyua kwa sifongo haitoki yote. Watu wawili meza moja, zoezi moja, na hakuna anayeeleza kwa nini kazi hazifanani.

Kabla ya kulipa ulizeni mambo mawili: kila mtu ana mbao ngapi (chini ya 3 kataeni, maana moja ikilala usiku unahitaji nyingine asubuhi), na kazi mbichi zinalazwa wapi. Wakijibu "tuna draya", mmeshajua.

Nyongeza kwa mnaouliza spiriti: tumia ya isopropili, asilimia 70 au zaidi. Dondosha kwa kijiti rangi ikiwa bado mbichi bila dimbwi, itafukuza rangi na kuacha duara. Fungueni madirisha. Na inashika moto haraka, kwa hiyo draya isiwe hata kwenye meza hiyo.