Nyumba ya fremu ya mbao msituni: nizuieje kuoza?

Swali: Wakuu, tunapanga kujenga nyumba ya familia ya fremu ya mbao katikati ya miti. Kivuli ni kingi na ardhi haikauki upesi. Mbao za chini nizilinde vipi?

Jibu: Anzia kwenye msingi. Mbao ya chini kabisa ikae angalau milimita 150 juu ya ardhi, ikilalia karatasi ya kuzuia unyevu. Kabla ya kufunga ukuta, unyevu wa mbao uwe chini ya asilimia 20. Pima kwa kipimo chenye sindano, usikisie kwa mkono. Ukifungia mbao mbichi, zitasinyaa, milango itakwama, na ukungu utaanza ndani usikouona.

Jibu: Naongezea. Nyuma ya mbao za nje acha upenyo wa hewa wa milimita 25, wazi chini na juu, wenye wavu wa kuzuia wadudu. Mafundi wengi huziba juu, na hapo hewa haipiti kabisa! Mbao zikiwa za mti wa mwaloni (oak), tumia misumari ya chuma cha pua. Ya kawaida huacha madoa meusi.

Muulizaji: Na gata?

Jibu: Ziwe pana, na zisafishwe majani yakishapukutika. Zikiziba, maji hufurika na kulowesha ukuta.