Tupeane uzoefu: giaboksi na difu za magari ya familia, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, naomba sisi tunaoendesha magari ya viti saba yenye giaboksi ya otomatiki, yale yaliyoagizwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika, tuelezane yaliyotupata. Tafadhali tusiishie kutaja gharama, bali kila mmoja aeleze dalili ya kwanza aliyoiona na alichofanya baada ya kuiona.

Nianze mwenyewe. Gari langu lina giaboksi ya CVT, yaani badala ya gia za kuhesabika, mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mwaka jana nilipeleka familia Msimbati, nikaingia na gari ufukweni kama wengi wanavyofanya. Penye mchanga laini nilikanyaga mafuta kwa muda mrefu, injini ikanguruma bila gari kusogea, kisha nguvu zikapotea kabisa. Nilipolizima na kulipumzisha kama nusu saa lilirudi katika hali yake, nami nikaamini tatizo limekwisha. Kumbe kompyuta ya gari ilikuwa imepunguza nguvu ili kuinusuru giaboksi iliyochemka. Baada ya wiki mbili, kila nilipoondoka taratibu kwenye matuta ya Mikindani, gari lilitetemeka kama linalopita juu ya magogo. Fundi alipofungua bakuli la chini ya giaboksi tulikuta mafuta meusi yanayonuka kuungua, na sumaku za kunasa vumbi la chuma zimejaa unga. Naujutia mchanga, lakini nazijutia zaidi zile wiki mbili nilizotembea na mafuta yaliyoungua.

Mchangiaji wa Newala
Pole sana, kaka. Langu pia ni CVT, na lilianza kuteleza nikipanda uwanda wa Makonde kutokea Masasi: mshale wa mizunguko ya injini unapanda, mwendo haupandi. Wiki iliyotangulia mafuta yalikuwa yamepungua, na fundi akaongeza yale mekundu ya otomatiki za kawaida kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo dukani. Mafuta ya CVT yametengenezwa ili mkanda ushike puli barabara, hivyo ukitia mengine mkanda unateleza na kukwaruza chuma. Niliokoka kwa kuyamwaga yote mapema. Siku hizi nanunua mwenyewe mafuta yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na nasimama pale fundi anapoyatia.

Mchangiaji wa Lindi mjini
Langu halikuwa na tatizo la giaboksi. Nilifunga tairi mbili mpya mbele, nikaacha nyuma zilizokwisha. Kwa kuwa gari linaendeshwa na magurudumu yote manne, tofauti ya vimo vya tairi iliifanya kapulingi, yaani kiungo kinachopeleka nguvu nyuma, iliyo karibu na difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), ifanye kazi bila kupumzika. Nikikata kona kali, gari lilikuwa kama limefungwa breki. Nilibadilisha tairi zote nne, lakini kapulingi ilikuwa imekwisha kuungua.

Mchangiaji wa Kilwa Masoko
Naomba niwatahadharishe kuhusu rejeta. Kwa miaka mingi nilijaza maji ya kisima, na ya kwetu yana chumvi. Kutu ikatoboa kipoozeo cha mafuta ya giaboksi, ambacho katika gari langu kimo ndani ya rejeta, na maji yakaingia kwenye giaboksi. Asubuhi moja nilitia gia ya kurudi nyuma, nikasubiri, gari halikusogea. Mafuta yalikuwa mazito, ya rangi ya waridi, mfano wa maziwa. Giaboksi haikupona, na nililazimika kununua nyingine. Mara muonapo rangi hiyo, msiwashe gari tena hata kwa kulisogeza kivulini.

Mchangiaji wa Tandahimba
Shikamooni. Mafuta ya CVT hubadilishwa baada ya kilomita ngapi? Na likizima njiani, naweza kuvutwa na gari jingine?

Mwanzisha mada
Marahaba. Mimi sasa nabadilisha kila kilomita 40,000, kwa sababu ya joto letu na mchanga. Kuhusu kuvutwa, gari la CVT linaloendeshwa na magurudumu yote manne lipandishwe lote juu ya lori, kwa sababu magurudumu yakiburuzwa injini ikiwa imezimwa, pampu haisukumi mafuta na giaboksi inajisaga ikiwa kavu. Tafadhali tueleze, lako limeonyesha dalili gani?