Racheti ya elfu 15 Ngamiani: ninunue, nitafute ya Japan, au nibaki na spana T?

Kijana wa Makorora
Wakuu habari za mchana. Nna pikipiki mbili za Boxer, moja anaendesha dogo ananiletea hesabu jioni, nyingine natumia mwenyewe. Sevisi ndogondogo nafanya hapahapa uani, maana nikisema kila kitu nipeleke kwa fundi basi hesabu yote inaishia kwa fundi. Vifaa vyangu ni spana T ya 10, 12 na 14, ringi kama sita hivi, bisibisi, plaizi, ndo hivyo tu.

Jana nimepita duka moja la vifaa Ngamiani hapa Tanga nimekuta racheti mpya, ile spana unayorudisha mkono bila kuitoa kwenye nati, ya nusu inchi (kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye boksi), ipo kwenye plastiki, inang'aa balaa, imeandikwa CR-V, elfu 15. Mtaa wa pili kuna jamaa anauza vyuma vya mtumba, ana racheti ya KTC ya Japan ya 3/8, mkono umechubuka lakini ukiizungusha inalia vizuri tiki tiki tiki, anataka elfu 40 hashuki. Halafu kuna seti nzima, boksi (vile vikombe vya kushikia nati) na racheti na ekstensheni ya kurefushia kwenye sanduku la plastiki, elfu 85.

Sasa mi kichwa kinaniuma, ile ya elfu 15 ni kitu au ni urembo? Wenye uzoefu nipeni mwongozo kabla sijaenda kuitupa hela.

Chuma Chakavu
Elfu 15 kanunue samaki wa kukaanga na mihogo pale Sahare, utafaidi zaidi 😂

Fundi wa Mikanjuni
Mkuu usimsikilize huyo. Mi ni fundi pikipiki mwaka wa tisa huu na racheti yangu ya kwanza ilikuwa hizo hizo za kwenye plastiki, nimeitumia karibu miaka miwili. Ila iliniachia kovu hili hapa kwenye kifundo cha kidole cha kati, ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Ilikuja pikipiki ya mteja, nati ya ekseli ya nyuma imekaa inapigwa maji ya chumvi huko Mwarongo sijui miezi mingapi, imeshika kama imechomelewa. Mi kwa ujana nikachomeka racheti, nikaona haiendi, nikachukua kipande cha bomba nikavalisha kwenye mkono ili nipate nguvu. Nikasukuma. Nasema nikasukuma, sio nikavuta, hapo ndo kosa la pili. Ikalia PAA, nikajua nati imeachia kumbe meno ya ndani yameruka, mkono wote ukaenda kugonga swing'amu, lile chuma linaloshika tairi la nyuma. Nati ipo vilevile inanitazama.

Nilipoifungua ile racheti nikakuta ule ulimi wa ndani, kile kijichuma kinachodaka meno, umemeguka kona. Na sikuilaumu racheti hata kidogo. Racheti ni kifaa cha kuzungushia, sio cha kufungulia nati iliyoganda. Nati iliyoganda unaianza na pawa ba, ule mkono mrefu usio na meno, au hiyo hiyo spana T yako, ikishaachia robo raundi ndo unaleta racheti inakumalizia haraka. Ukifata hivyo hata ya elfu 15 itazeeka na wewe.

Halafu kwa Boxer nusu inchi ya nini? Bolti nyingi za pikipiki ni 8, 10, 12, 14, kichwa cha nusu inchi ni kikubwa hakiingii sehemu nyingi. Tafuta 3/8.

Dada wa IST
Naungana na fundi. Mi sio fundi ila gari yangu IST nabadilisha plagi na oili mwenyewe, watu wa mtaani Chumbageni walishanizoea. Nina racheti ya 3/8 isiyo na jina kabisa, nilinunua elfu 12 mwaka 2021 mpaka leo ipo. Plagi za IST zipo chini kwenye shimo refu so unahitaji boksi ya 16 na ekstensheni, na plagi yenyewe haikazwi kwa nguvu, ukikaza kama unafunga nati ya tairi utaua uzi wa silinda hedi ukalie. Kwa kazi kama hiyo racheti ya gharama ingenisaidia nini cha ziada? Hamna.

Ila nati za tairi siigusi na racheti, nachukua ile spana ya msalaba iliyokuja na gari.

Jembe72
Wote mnasahau kitu cha muhimu, MENO. Muulize muuzaji ina meno mangapi. Ikiwa 24 achana nayo, chukua ya 72, meno yakiwa mengi ndo racheti imara.

Fundi wa Mikanjuni
Jembe hapo umechanganya, samahani kaka yangu. Meno mengi sio uimara, meno mengi ni nafasi. Gawanya 360 kwa idadi ya meno, ya 24 lazima uurudishe mkono nyuzi 15 ndo idake jino linalofata, ya 36 nyuzi 10, ya 72 nyuzi 5 tu. Kwa hiyo sehemu imebanana, mfano nyuma ya kabureta, ya 72 ni raha. Lakini kwenye duara la ukubwa uleule ukiweka meno 72 kila jino linakuwa dogo kuliko ya 24. Kampuni nzuri wanajua kutengeneza ulimi unaodaka meno mengi kwa pamoja, na chuma chao kimepikwa vizuri. Sasa hizi za bei chee ukikuta imeandikwa 72 mi ndo naiogopa zaidi, bora ya 24 au 36, meno manene, haina urembo, inafanya kazi.

Jembe72
Aa sawa, hapo nimekuelewa. Yangu ya 72 ilikuwa ya bei ndo maana haijawahi kunisumbua. Jina langu halihusiani na meno lakini, nimezaliwa 72 😅

Nahodha wa Deep Sea
Asalaam alaykum. Naona mnaongea mambo ya bara tu, huku baharini kuna adui mwingine kabisa naye ni chumvi. Mi natunza mashine za boti za wavuvi, kifaa kikishinda kwenye ngalawa siku mbili bila kufutwa kishaanza kubadilika rangi. Racheti za bei ya chini tatizo lake sikulijua kwenye meno nimelijua kwenye ile kromu ya juu, inaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua halafu inabanduka vipande vyenye makali kama wembe, ushike na mkono umelowa maji uone. Na kutu ikishaingia ndani ule ulimi unaganda, springi ndogo haina nguvu ya kuurudisha, ndo inaanza kuruka.

Dawa yake ni uvivu tu uuache. Nikirudi pwani naisuuza maji baridi yasiyo na chumvi, naikausha, naipaka oili nyepesi. Mara moja moja naifungua mgongo nasafisha na dizeli. Na hapa vijana wengi wanakosea, wanajaza grisi nzito humo ndani wakidhani ndo wanaitunza, kumbe grisi nzito inaushika ulimi usirudi haraka. Tone mbili tatu za oili ya cherehani zinatosha.

Kwa hiyo ukienda dukani iangalie mgongoni, ikiwa na skrubu au saklipu (ile pete ya chuma ya kubania) ya kufungua, sawa. Ikiwa imepigwa riveti moja kwa moja ikichafuka ndani ndo umeshaizika.

Kijana wa Makorora
Waalaykum salaam nahodha, hii ya kufungua mgongo sikuifikiria kabisa. Fundi, vipi hiyo CR-V iliyoandikwa? Si ndo chuma kigumu?

Fundi wa Mikanjuni
CR-V maana yake ni chuma kilichochanganywa kromu na vanadi, ni chuma kizuri kweli. Ila muhuri ni muhuri, hata mi nikiwa na herufi za kugongea naandika CR-V kwenye mwiko wa ugali.

Mzee wa Karakana
Wanangu shikamooni mnanidai, nimekaa nawasoma tu tangu mwanzo. Nimefanya kazi karakana ya shamba la mkonge huko nyuma, matrekta na makorona, zile mashine za kuchakata mkonge, kabla hizi racheti za plastiki hazijazaliwa. Naomba niongeze hesabu kidogo hapo kwenye bomba la fundi maana ndipo penye siri.

Mkono wa racheti ya nusu inchi tufanye ni sentimita 25. Mtu wa kilo 70 akijining'iniza mzima mzima mwishoni mwa mkono huo anatoa kama nyutoni mita 170, hicho ndo kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Nati ya tairi ya gari dogo la Toyota kitabu kinasema 103, kwa hiyo hapo bado tupo salama. Sasa mtu huyohuyo avalishe bomba akamate mita moja kutoka kwenye nati, inakuwa karibu 690. Mara nne. Na mzigo wote huo haubebwi na mkono unaouona, unabebwa na kale ka ulimi kadogo kuliko ukucha wako. Ndio maana pawa ba haina meno ndani, ni chuma na pini basi, hata ukivalisha bomba kuna afadhali.

Pili, kijana unauliza racheti lakini hela yako ipeleke kwenye boksi kwanza. Racheti ikiharibika umepoteza elfu 15. Boksi mbovu ikiharibika inaondoka na kichwa cha bolti, hapo utaita mchomeleaji, utatoboa, utatengeneza uzi upya, siku nzima pikipiki imelala na dogo hana hesabu ya kukuletea. Chukua boksi za pembe 6, usichukue za pembe 12 kwa nati zilizoliwa na kutu za huku kwetu pwani, pembe 12 zinakamata kwenye ncha tu.

Dada wa IST
Marahaba... ngoja, si mi ndo natakiwa kusema shikamoo 🙈 Shikamoo mzee.

Mzee wa Karakana
Marahaba mwanangu.

Chuma Chakavu
Haya nikiacha utani, kwa upande wangu ningechukua ile KTC. Ya mtumba ya Japan imeshatumika huko miaka, kama ingekuwa ya kufa ingeshakufa. Ila elfu 40 ni ya kumuona mtu mgeni, mwambie 25 uondoke kama una haraka, atakuita.

Nahodha wa Deep Sea
Mtumba sawa lakini nayo ijaribu, isije ikawa Japan waliitupa kwa sababu.

Kijana wa Makorora
Naijaribuje sasa pale dukani bila nati?

Fundi wa Mikanjuni
Rahisi sana. Chomeka boksi yoyote, ishike boksi kwa vidole viwili kwa ulegevu halafu urudishe mkono wa racheti taratibu. Boksi ikibaki imetulia kwenye vidole, racheti nyepesi, nzuri. Ikiwa inaiburuza boksi irudi nayo, achana nayo, maana ukiwa unafunga nati kwa uzi wa mwanzo itakuwa inakufungulia ulichofunga, utazunguka kutwa kama punda wa kinu cha ufuta. Halafu zungusha raundi nzima polepole sikiliza, mlio uwe sawa kote. Ukisikia sehemu imekaa kimya au imeruka, kuna jino lina shida. Kile kiswichi cha kubadili upande kiwe kinakaa imara, kisijigeuze chenyewe ukikigusa. Mwisho chomoa boksi, ile gololi inayoshikilia iwe na springi, boksi isianguke yenyewe. Akikukataza kujaribu mwachie racheti yake.

Jembe72
Na ile seti ya elfu 85 mbona hamna aliyeigusa?

Dada wa IST
Mi nlinunua mdogo wangu seti kama hiyo. Ina vipande kibao lakini vya maana kama nane, vilivyobaki ni vile vichwa vya bisibisi vidogo vidogo vinajaza idadi. Na sanduku lilikuwa la kwanza kuvunjika bawaba. Kwa mwenye pikipiki mbili naona ni nyingi.

Kijana wa Makorora
Wakuu nimerudi, leo nimeenda. KTC imeshauzwa! Jamaa anasema kuna fundi wa Pongwe kaichukua juzi kwa 30. Roho imeniuma.

Nikarudi kwa yule wa duka, nikaiacha ile ya nusu inchi nikaomba 3/8 za bei ileile. Akatoa nne. Nikafanya jaribio la vidole viwili, ya kwanza inaburuza boksi kama ina hasira nayo, ya pili kiswichi kimelegea, ya tatu ikawa nyepesi, meno 36, mgongoni ina skrubu mbili. Muuzaji kanitazama akasema kumbe wewe fundi, nikakaa kimya 😄 Tumekubaliana elfu 12. Hela iliyobaki nikaongeza nikachukua boksi tatu za pembe 6, ya 10, 12 na 14, nzito kweli mkononi, hizo peke yake zimenitoka elfu 18.

Jioni hii nimefungua injini gadi na kibati cha cheni, bolti nne nikaanza na T zikaachia, racheti ikamalizia. Kazi iliyokuwa inanichukua nusu saa nimemaliza hata chai haijapoa. Nikaifungua mgongo kama alivyosema nahodha nikakuta ndani kukavu kabisa hamna hata tone, nimeweka oili ya cherehani ya mama.

Dogo kaiona keshaniuliza kama anaweza kutembea nayo kwenye boksi la siti. Nimemwambia alete kwanza hesabu ya jana.