Kustaafia mji wa chuo (Moro, Dodoma na kwingineko): tupeane uzoefu

Mstaafu Mtarajiwa
Wakuu heshima kwenu, wazee shikamooni. Kila anayekaribia 60 anaambiwa akajenge mji wenye chuo: hospitali ipo, soko lipo, na wanafunzi watapanga vyumba vya uani. Je, ni kweli? Naomba uzi huu tuweke hesabu na vipimo. Zile za "mimi nilijenga nikafanikiwa" ziko nyingi mitaani na hazimsaidii mtu kupiga bajeti. Tuanze na Morogoro, maana ndiyo inayotajwa kila siku.

Bint Uluguru
Morogoro usiichukue kama mji mmoja. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) iko chini ya milima, kama kilomita 3 kutoka katikati ya mji. Mzumbe iko mbali, zaidi ya kilomita 20 kwenye barabara ya Iringa, na kijiji chake ni Changarawe. Chuo Kikuu cha Waislamu na Jordan navyo vina mitaa yao. Anayesema "nimepata kiwanja karibu na chuo Moro" muulize chuo kipi kwanza.

Kwa kuishi, Kilakala na Boma ni juu kidogo, kuna miti na ubaridi wa mlima, lakini kuna miinuko. Goti la miaka 72 halipendi mwinuko, hasa mvua ikinyesha na udongo ukateleza. Kihonda ni tambarare, joto zaidi, na stesheni ya SGR (treni ya umeme) iko upande huo. Hilo la treni ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: tangu Juni 2024 unafika Dar kwa chini ya saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 13,000. Mwenye kliniki Muhimbili anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kulala kwa ndugu. Tiketi kata mapema, usisubiri asubuhi ya safari.

Kabla ya kulipia kiwanja, nenda mara mbili: Septemba uone kama bomba linatoa maji, na Aprili uone maji ya mlimani yanapita wapi. Mito inayoshuka Uluguru inaingia Ngerengere, na kiwanja kikavu cha Agosti kinaweza kuwa mfereji wakati wa masika. Tazama kuta za jirani. Mstari wa tope ukiwa juu ya tofali la tatu, dalali hana tena la kukuambia.

Mkokotoaji
Tuje kwenye pesa, maana ndoto nyingi za hosteli zinajengwa kwa mkupuo, zile fedha za pamoja unazopewa siku ya kustaafu.

Kanuni ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma): miezi ya utumishi, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara bora wa mwaka. Hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo ni hiyo mara 12.5 mara asilimia 40 (kwa kundi lililopandishwa kutoka 33 mwaka 2024). Asilimia 60 iliyobaki ndiyo unayolipwa kila mwezi.

Chukua mtu wa miaka 30 kazini, yaani miezi 360, mshahara 1,500,000. Kwa mwaka ni 18,000,000. Pensheni kamili ni 11,172,000 na ushei. Mkupuo: karibu 55,860,000. Kwa mwezi: karibu 558,600.

Sasa tuseme mkupuo wote umeishia kwenye vyumba 8 vya wanafunzi wawili wawili, kitanda shilingi 40,000 kwa mwezi. Dalali atakupigia vitanda 16 kwa miezi 12 akuambie 7,680,000. Chuo hakina miezi 12. Kinafunguliwa Oktoba au Novemba, kinafungwa Julai, basi piga miezi 9. Vitanda viwili vihesabu vitupu, kwa kuwa kila muhula kuna anayeahirisha masomo au kuhamia kwa mwenzake. 14 × 40,000 × 9 = 5,040,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya pango, 504,000. Toa rangi, vitasa, koki na kunyonya choo, weka 700,000. Unabaki na 3,836,000, karibu 320,000 kwa mwezi. Mtaji wako utarudi baada ya miaka 14 na nusu. Aliyestaafu na 60 atakuwa na 74 ndipo aanze kula faida. Bei badilisha kwa mtaa wako, ila ile 9 usiiguse.

Mpangishaji wa Changarawe
Mkokotoaji umesema kweli lakini umesahau boom. Mwanafunzi wa mkopo analipwa fedha za kujikimu kwa awamu, si kila mwezi. Ukiweka kodi ya mwezi mwezi utakuwa unagonga milango kila tarehe 5 na kuambiwa "boom halijaingia, mzee". Kodi iwe ya muhula, ilipwe kabla ya kupewa ufunguo. Mkataba andika miezi 9 au 10 yenye tarehe kamili, kisha Agosti na Septemba utumie kupaka rangi.

Mwaka wa kwanza wengi huwekwa mabweni ya chuo. Wateja wako ni wa pili na wa tatu, na hao huchagua chumba kabla ya likizo kuanza. Tangazo la Oktoba limechelewa, bandika Juni.

Maji: hesabu lita 50 kwa kichwa kwa siku. Wanafunzi 16 ni lita 800. Tenki la 5,000 ni siku 6 tu bomba likikatika. Na tenki lako wewe liwe peke yake, na valvu yake, la sivyo utaoga kwa zamu na wapangaji.

Fundi Meni
Kinachounguza nyumba za wanafunzi ni hita ya koili na jiko la umeme la sahani moja. Koili moja inakula wati 1,500 hadi 2,000. Vyumba vinne vikichemsha maji saa 12 asubuhi ni wati 8,000, karibu ampia 35 kwa pamoja. Nyumba nyingi za mtaani waya wa soketi umetandazwa wa 1.5 (unene, milimita za mraba), ambao ni wa taa. Unapata moto ndani ya ukuta, kisha soketi inageuka kahawia na kunuka samaki. Hiyo harufu ukiisikia zima meni, usingoje fundi ndipo uzime.

Fanya hivi: waya 2.5 kwa soketi, kila chumba na sakiti breka yake ya ampia 16 kwenye boksi moja nje ya vyumba, waya mkuu kutoka mita usipungue 10. Skrubu za soketi zikazwe upya kila likizo, maana zikilegea ndipo cheche zinapoanza. Kila chumba kiwe na mita yake ndogo, la sivyo ugomvi wa LUKU hauishi.

Na nyumba yako iwe na mita ya TANESCO tofauti. Mzee anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi anabaki bei ya matumizi madogo. Ukichanganya na wanafunzi unatolewa huko, na taa yako ya sebuleni nayo inalipiwa bei ya juu. Kumbuka pia kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa humo humo kwenye LUKU, na kila mita inaweza kukatwa. Mita mbili kwenye kiwanja kimoja, peleka taarifa mapema usije ukalipa mara mbili.

Mjomba wa Dodoma
Huku hesabu ni nyingine. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), ya mwaka 2007, ilijengwa na mabweni mengi yake yenyewe, kwa hiyo mahitaji ya vyumba vya nje si makubwa kama idadi ya wanafunzi inavyodanganya. Mpangaji wa Dodoma ni mtumishi aliyehamia tangu serikali ilipoanza kuhama 2016, na huyo analipa miezi 12. Jenga kwa ajili yake: chumba na sebule, jiko, choo ndani.

Kwa mstaafu mwenye sukari au presha, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko eneo la UDOM. Hapo ndipo chuo kinapomfaa mzee. Tatizo ni ukame. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 150 likiwa na mifereji mizuri linakusanya karibu lita 68,000 (150 × 570 × 0.8). Tenki la 10,000 linajaa mvua chache za mwanzo na nyingine yote inamwagika. Chimba la chini ya ardhi la 30,000 wakati unajenga msingi, baadaye ni gharama mara mbili.

Kesses Road
Salamu kutoka Kenya. Moi University kampasi kuu iko Kesses, kama kilomita 35 kutoka Eldoret, lakini hospitali ya rufaa ya MTRH iko Eldoret mjini. Mzee akijenga getini mwa chuo ameikimbia hospitali. Mgomo wa wahadhiri ukianza, stage yote inalala: hoteli, kinyozi, mama mboga. Ukipangisha huko, akiba ya miezi mitatu iwe benki. Kodi ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) ni asilimia 7.5 ya pango lote kabla ya kutoa gharama, kwa anayepata kati ya shilingi za Kenya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na inalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Ughaibuni
Marekani wamefika mbali, wanajenga makazi ya wazee ndani ya chuo. Lasell Village, Massachusetts, mkazi anatakiwa kufikisha saa 450 za kujifunza na mazoezi kwa mwaka. Mirabella, Arizona, walijikuta mahakamani na klabu ya muziki ya jirani kwa ajili ya kelele. Kelele ni kelele, hata ghorofa ya 20.

Bint Uluguru
Kwenye kelele Moro haina tofauti. Wikiendi, boom linapoingia, na wiki ya mahafali. Kaa umbali wa bajaji moja kutoka lango la chuo na utafaidi mazuri yake bila spika: hospitali ya wanyama ya SUA kwa ng'ombe wako wawili, Maktaba ya Taifa ya Kilimo, miche, maonyesho ya Nanenane. Hata wale panya wanaonusa mabomu wanafunzwa pale, wajukuu watakuja likizo bila kuitwa.

Mstaafu Mtarajiwa
Asanteni sana. Basi mwenye kiwanja tayari Kihonda, ajenge vyumba vingapi vya kupangisha?

Mkokotoaji
Viwili. Mlango wa nje, choo ndani, mlango wa choo sentimita 90 na bila kizingiti. Leo wakae wanafunzi. Kesho kimoja atakaa anayekutunza, na kile kingine utahamia mwenyewe siku ngazi za nyumba kubwa zitakapokushinda.

Fundi Meni
Na swichi ya taa karibu na kitanda, mkuu. Waya wake 1.5 unatosha.